Bandama ya Kifungua Mimba

Tumbo la kifungua mimba wangu lilianza kuvimba akiwa bado mdogo sana. Mama mkwe hakushtuka. "Ni bandama tu hiyo, malaria imemzoea. Mpe dawa." Nikampa klorokwini za zahanati ya Kabati mpaka mtoto akawa akiona kijiko anakimbia. Tumbo likazidi. Pua ikaanza kutoka damu, na miguu ikamuuma hata kumvalisha suruali ni kilio.

Tukatumwa Nairobi. Wakamdunga sindano ndani ya mfupa, jameni, nami ndiye nimemshikilia. Majibu yalipotoka, daktari akaanza kizungu chake cha seli, nikamkatiza. "Mimi nasuka viondo, daktari. Ongea na mimi hivyo." Akaniuliza nyuzi za rangi natoa wapi. Nikamwambia nafumua sweta kuukuu, zilizo nzuri nazisuka tena.

"Basi kila seli ya mwili hufanya hivyo," akasema. "Inafumua vilivyochakaa, inajijenga navyo upya. Za mtoto wako zimekosa kitu kimoja cha kufumulia. Uchakavu unarundikana humo, zaidi kwenye bandama."

"Si mumpe hicho kitu!"

"Hatuna, mama." Akatazama mimba yangu, ya miezi saba. "Ugonjwa huu ameurithi kwenu wote wawili. Hata huyu anaweza kuwa nao. Au asiwe nao."

Niliogopa, nisidanganye. Kanisani waliniombea kwa vigelegele, nami nikaitikia amina. Sikutaka azaliwe. Akiwa ndani, angalau sikuwa nimejua.

Akazaliwa msichana. Kila asubuhi kabla ya chai nilimlaza kitandani, nikamwekea vidole chini ya mbavu za kushoto, nikiitafuta bandama. Nikikosa uvimbe napumua, na kesho yake woga ni ule ule. Mume wangu akasema nitamtoboa mtoto. Nikamwambia aende zake kwa mbuzi.

Asubuhi moja, msichana akiwa ameanza kutambaa, nilipapasa, nikapapasa tena, nikasema kwa sauti, "Asante Yesu, hakuna kitu!"

Kaka yake alikuwa amesimama mlangoni. Akapandisha shati mpaka kidevuni, akaja kwangu.

"Mwaitu, mama, na mimi nishike. Angalia kama yangu imeisha."

Nikaweka mkono. Bandama ilikuwa imefika kitovuni.

"Imepungua," nikamwambia, naye akatoka akichechemea kwenda kumwambia baba yake.