Ukungu ulioingia ndani ya taa yangu ya lenzi

Wakuu, salamu kutoka Kanyakine. Leo kumeamka na baridi ya majani chai, mikono inaandika polepole, mnivumilie.

Hii nitawaambia ni ya kweli. Nimeona kwa macho yangu mwenyewe, na ndio maana nilichelewa kuielewa, kwa sababu macho ndiyo yalikuwa mashtakani.

Mimi ni fundi wa saa na redio ndogo. Sina karakana mjini. Ninafanyia nyumbani, chumba cha kando kilichokuwa cha kuweka kahawa. Shule niliishia darasa la nane. Kazi nilifundishwa na mzee mmoja ambaye sasa ni marehemu, akaniachia vyombo vyake. Mengine yote najishuku, lakini daftari langu siliachi. Kila jioni naandika siku ilivyokwenda, hata kama ni mistari miwili.

Sasa kuna ile taa, wakuu. Wale wa kazi ndogondogo wanaijua. Katikati ni kioo cha kukuza, pembeni vitaa vya LED vimezunguka duara chini ya plastiki nyeupe kama maziwa, ina mkono wa kukunja na unaibana mezani. Niliinunua Kianjai siku ya soko.

Siku ya kwanza nilipoiwasha niliinama pale juu ya saa ya mkono. Gurudumu dogo kama punje ya wimbi limekuwa kubwa kama sufuria. Unasikia kama umeingia ndani ya mwezi, umekaa huko peke yako, na huko mwezini hakuna mtu wa kukuita. Nilikuwa nasahau chai mpaka inafanya ngozi juu.

Halafu mwaka huu, kuanzia mvua za mwezi wa nne, ukungu ukaanza kuingia.

Sio ule wa nje. Ule tumezaliwa nao, unashuka kutoka mlimani unakaa kwenye migomba kama mgeni asiyejua kuaga. Huu ulikuwa unakuja nikiwa nimeinama kazini. Mwanga unakuwa mzito, unageuka rangi ya chai ya maziwa, meno ya gurudumu yanaungana. Napangusa kioo. Napangusa macho. Hakuna tofauti. Naacha kazi naenda kukaa nje.

Hapa lazima niwaambie kuhusu baba.

Baba alipofuka. Ilikuwa presha ya macho, lakini wakati huo hatukujua jina lake. Ilimwingia taratibu miaka mingi. Asubuhi alikuwa anasimama mlangoni anauliza, "Leo kuna ukungu?" Jua linawaka, kahawa inameta, kuku wanatafuta kivuli. Na sisi watoto tulifundishwa na mama kujibu, "Ndiyo baba, kuna ukungu." Akawa anatikisa kichwa ameridhika, anarudi kukaa.

Mimi nilimjibu hivyo mara nyingi kuliko wote, kwa sababu nilikuwa kitindamimba na ndiye niliyebaki nyumbani.

Kwa hivyo mnaelewa. Siku moja mwezi wa saba nilisimama mlango huohuo nikamuuliza mke wangu, Kendi, "Mama Mwenda, kuna ukungu leo?"

Akaangalia nje, akaniangalia. "Upo. Kidogo."

Jibu hilo nalijua. Nimelipika mwenyewe miaka mingi.

Niliandika tu kwenye daftari: "Imeanza."

Sasa wataalamu mtaniuliza, wewe fundi mzima, mbona hukupima taa? Nilipima, wakuu. Niseme haki. Asubuhi moja niliivua vizuri, nikapima adapta kwa mita, ikatoa volti zake zote. Nikachezesha waya kwenye kila kiungo cha mkono wa taa, haikupepesa. Nikawasha, mwanga mweupe kabisa. Nikaiachilia huru kama jaji. Hata moyoni nilimwomba radhi yule muuzaji wa Kianjai, maana nilikuwa nimeanza kumwita mwizi.

Basi akabaki mshtakiwa mmoja. Mimi.

Taa niliipima dakika tano. Mimi nilijipima miezi mitatu. Usiku nilikuwa naota niko ndani ya saa, natembea juu ya magurudumu, na mtu anamwaga maziwa kutoka juu. Hospitali sikuenda. Niliogopa kuambiwa jina la kitu ambacho nilishakijua.

Nikaamua jambo ambalo hata sasa nikilisoma daftarini naona haya kidogo. Nikampigia Njeru.

Njeru ni fundi wa simu Embu mjini, rafiki yangu kwa miaka mingi, tulijuana tukitafuta vipuri. Nikamwambia aje Jumamosi achukue vyombo vyote. Bisibisi ndogo, vibano, kile kishikio cha kufungulia saa, na taa yenyewe. Sio kuuza. Vyombo nilipewa bure na mzee, na mimi nampa bure, ili visishike kutu mikononi mwa kipofu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Nitakuja. Lakini nitakuja na begi dogo, labda utabadilisha roho."

Alikuja na begi kubwa. Hilo nalo niliandike kama lilivyokuwa.

Jumamosi hiyo ukungu wa nje ulikuwa mzito mpaka migomba ilikuwa inaonekana nusu. Mezani kulikuwa na saa moja imebaki, ya mwalimu mmoja mstaafu wa Ruiri, nimeifungua na kushindwa nayo mara nne. Nikamwambia Njeru, "Kaa hapo uimalize, nione mkono wako kabla hujaenda na vitu."

Akaketi. Akawasha taa. Mimi nikasimama mlangoni nimempa mgongo, kwa sababu sikutaka kumuona mtu mwingine ameinama kwenye mwezi wangu.

Maji yalikuwa yanadondoka kutoka paa la mabati, tone moja, halafu unangoja, tone lingine. Jikoni Kendi alikuwa anaimba wimbo wa kanisa chini chini. Nikawaza hivi ndivyo baba alikuwa anaisikia dunia. Nikawaza si mbaya sana. Karibu nilale nikiwa nimesimama.

Sijui muda gani ulipita. Nikasikia Njeru anapangusa kioo kwa shati. Halafu tena.

"Baite," akaniita, vile Waembu hupenda kututania sisi Wameru, "huku kwenu ukungu unaingia mpaka ndani ya nyumba?"

"Ukungu gani?"

"Huu. Sioni meno ya hili gurudumu."

Wakuu, mtanicheka. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kumshika bega nikamwambia, "Pole sana ndugu yangu." Nilidhani na yeye umemuanza.

"Pole ya nini?" akaruka. "Ni taa yako imekufa nusu! Njoo uone!"

Nikaja. Nikaangalia taa, sio kupitia kwenye kioo, taa yenyewe. Lile duara jeupe lilikuwa na madoa ya giza, hapa na pale. Lilikuwa limefifia kweli. Yaani miezi yote hiyo nilikuwa naangalia kupitia taa, hata siku moja sikuwahi kuinua kichwa kuiangalia yenyewe ikiwa imechoka.

Njeru akaweka kidole nyuma ya kichwa cha taa ili aigeuze, akakipeleka mdomoni haraka. Moto kama sufuria ya githeri iliyo mekoni.

Halafu akaangalia vizuri alichogusa.

"Hii ni nini?"

Sasa hii nayo lazima nieleze kwa haki, maana kuna mtu hapa hataki kuonewa. Kwetu nyumba bila vitambaa ni kama mtu bila shati. Kendi anafuma na kina mama wenzake wa kanisa. Redio ina kitambaa, televisheni ina kitambaa, mtungi wa maji una kitambaa, chupa ya chai ina chake. Baada ya Krismasi aliifumia taa yangu kofia ndogo nyeupe yenye ukingo mwekundu, inakaa nyuma ya kichwa cha taa, isiingie vumbi. Ilitoshea vizuri ajabu. Na mimi niliisifu. Mimi mwenyewe nilisema, "Kaza uzi hapo chini isidondoke."

Na pale nyuma, wakuu, ndipo kuna vile vitundu vya kutolea joto.

Na asubuhi ile nilipopima taa, kitu cha kwanza niliivua kofia, nikaiweka pembeni isichafuke. Nilipomaliza nikaivalisha tena, kwa heshima. Kwa hivyo mbele ya mita ilikuwa na tabia nzuri kama mtoto mbele ya mgeni.

Njeru alicheka mpaka akakaa sakafuni. "Nyinyi Wameru! Hata taa mnaivalisha sweta?"

Kendi alikuwa amefika mlangoni na chai. "Na nyinyi Waembu mnaacha vitu vyenu uchi?"

Lakini niliona uso wake umebadilika. Alikuwa ameelewa.

Tukaizima, tukaivua, tukaiacha ipoe. Tukaiwasha, nyeupe. Tukangoja kikombe kimoja cha chai, vikombe viwili. Bado ikafifia, ila ilichelewa. Kwa hivyo kofia peke yake haikuwa hadithi yote. Tukaifungua.

Ndani, ile bodi ya duara ilikuwa imebadilika rangi kuwa kahawia sehemu mbili. Ile paste nyeupe ya kupitisha joto kwenda kwenye bamba la nyuma ilikuwa imekauka kama unga. Na kwenye viungo viwili vya risasi, ile ya kuchomelea waya, kulikuwa na ufa mwembamba kuliko unywele. Bodi ikipata moto inatanuka, ufa unafunguka, LED za sehemu hiyo zinazima. Ikipoa unajifunga. Ni nani aliyeuona ule ufa? Mimi. Njeru alishika tochi ya simu na lenzi ya mkono, nikainama, nikauona. Kwa macho haya.

Nikawasha chuma cha kuchomea risasi.

Tukachomea viungo upya, tukakwangua ile paste ya zamani, Njeru akapaka mpya aliyokuwa nayo begini. Tukafunga. Tukaiwasha bila kofia, na tukaiacha mpaka ukungu wa nje ukapanda, ukashuka tena. Haikufifia. Saa ya mwalimu wa Ruiri niliimaliza mwenyewe, na Njeru ameketi kando akinikosoa.

Baadaye nilifungua daftari nikasoma miezi yote nyuma. Kila mara ukungu umekuja baada ya kazi ya kama nusu saa. Na asubuhi za siku hizohizo nimeandika vitu kama "nimeona mwewe juu ya mti wa mgravilea wa jirani, amebeba kifaranga." Mwewe nilikuwa namuona! Ushahidi ulikuwa kwa mwandiko wangu. Niliandika kila kitu na sikusoma hata kimoja.

Likabaki lile begi.

Nikamuuliza Njeru, "Ungenyamaza, ungeondoka na kila kitu. Mbona ulisema?"

Akafunga zipu ya begi lililo karibu tupu. "Ningeenda na hiyo taa Embu, kesho yake nianze kulilia macho yangu. Wacha ujinga, baite."

Lakini ahadi ni ahadi, na mtu amesafiri. Nikamwambia achukue kibano kimoja cha marehemu mzee. Ninavyo viwili. Niwe mkweli: mkono wangu ulienda kwanza kwa kile kibovu. Ukasimama hapo. Halafu ukachukua kile kizuri. Kendi akamwongezea mkungu wa ndizi, begi likajaa.

Hospitali nilienda wiki iliyofuata, maana taa kuwa na makosa haimaanishi mimi sina. Daktari akanipima, presha ya macho iko sawa kwa sasa, nahitaji miwani ya kusoma, na kwa sababu ya baba nirudi kila mwaka nikapimwe. Nitarudi. Siwezi kuwaambia nimepona kitu ambacho sikuwa nacho, wala kwamba hakitakuja.

Somo nililopata ni dogo. Ukipima kitu, kipime kikiwa kimevaa nguo zake za kazi, na ukipime kwa muda uleule unaokitumia. Na ukijishuku wewe mwenyewe, jipe angalau kesi ya haki, mwite shahidi hata mmoja. Nyuma ya taa msifunike kitu, hata kiwe kizuri namna gani. Kofia sasa inavaliwa na kopo la bisibisi, na ukingo mwekundu unapendeza hapo.

Jioni ile, Njeru akiwa ameshaenda, nilimwambia Kendi yote. Kuhusu baba, kuhusu lile jibu tulilofundishwa. Halafu nikamuuliza kilichokuwa kinaniuma zaidi: "Ile siku mwezi wa saba nilipokuuliza, ulisema kuna ukungu kidogo. Ulisema hivyo kwa nini?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake.

"Kwa sababu ukungu ulikuwepo, Baba Mwenda. Kidogo."

Wakuu, hapo ndipo nimefika. Mafundi mlio humu, kama nimekosea mahali kwenye zile risasi na paste, nirekebisheni, sitaona vibaya. Na kama kuna mwenye mzazi aliyekuwa akiuliza kuhusu ukungu, niambie nyinyi mlikuwa mnamjibu nini.