Sura ya Mwisho Niliyomnyima Masanja

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilifunga kitabu kwa makusudi, na mpaka leo najuta.

Nilikuwa msichana, nikiwapikia wali na maharage wachimbaji wa Bugarama. Nilikuwa na riwaya iliyochanika jalada, ya kijana aliyemkosea baba yake, akatoroka, akakulia ugenini. Kila mchana nilimsomea Masanja, mchimbaji kutoka Kishapu ambaye hakujua kusoma. Naye alikuwa ameuza ndama wa baba yake kwa siri, akakimbilia kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu. Alisikiliza mpaka wali ukapoa. Mimi nikajiona mwalimu mkuu!

Ilipobaki sura moja akaniuliza, "Dada, huyu baba yake atampokea? Niambie tu. Akimpokea, na mimi kesho napanda gari, narudi kwetu."

Sura ile nilikuwa nimeshaisoma. Baba alimpokea. Alimsogezea kigoda, akaagiza maziwa, basi. Lakini nilikuwa nimempenda Masanja, na nilijua nikimwambia ataondoka. Nikacheka. "Haraka ya nini? Utasikia Jumatatu."

"Haya, bosi," akasema, akarudi kazini.

Jumamosi duara likaporomoka. Walimtoa jioni, udongo umemjaa kinywani. Nilipanda lori lililobeba maiti mpaka Kishapu, kwa sababu sikuweza kubaki pale na kile kitabu.

Baba yake alinisogelea. "Mayu," akaniita, kama Wasukuma wanavyomwita mama au binti wa heshima, "alijua kwamba nilikuwa namngoja?"

"Alijua, baba," nikajibu. Nilimdanganya mzee mbele ya jeneza la mwanawe.

Mwanangu, soma riwaya. Usiwasikilize wanaosema ni za kupotezea muda. Mle mna watu waliokosea kabla yako, na wengine walipata njia ya kurudi. Lakini ukikuta humo neno ambalo mwenzako analihitaji, mpe siku hiyohiyo, hata kama ukimpa utampoteza. Mimi nilimzuia Masanja nikamzika. Na kama una mzazi uliyemkosea, usingoje mtu akusomee. Nenda.

Mungu akupe ujasiri wa kurudi kwenu mapema, na akukutanishe na wazazi wako wakiwa hai.