Dawa ya Irine Niliyoionja Mimi

Wajukuu zangu wote wanajua kwamba nilimfukuza chui wa msitu wa Shengena kwa mwiko. Kila nikimsimulia chui yule, mkia wake unarefuka. Lakini siku niliyoshindwa na kikombe cha plastiki huwa siisimulii, maana binti yangu Rogathe alikuwepo na ananisahihisha.

Irine, mtoto wa Rogathe, alikuwa kila akienda chooni anatoka damu. Ana miaka saba na alikuwa amekonda kama ufito. Tukateremka naye kutoka Mhezi mpaka Same, tukapanda basi hadi hospitali kubwa Moshi. Daktari akasema kesho atampa dawa ya usingizi, aingize mpira mwembamba wenye kamera kwa njia ya nyuma, autazame utumbo. Ila utumbo uwe safi. Mtoto asile kitu. Anywe maji, chai ya rangi, na dawa ya kuharisha, jagi zima. Hata juisi nyekundu ikakatazwa, isije ikadhaniwa damu. Uchafu ukibaki, kipimo kinaahirishwa, na damu inaendelea kutoka.

Nikammiminia kikombe cha kwanza. Irine akakinusa, akafunga mdomo.

"Bibi aonje kwanza."

Kwetu anayekupa kinywaji huonja mbele yako, ujue hakutia kitu. Mimi nimeuza dengelua, pombe yetu ya miwa, maisha yangu yote. Kuonja ndiyo elimu pekee niliyo nayo. Na sionji kwa ncha ya ulimi. Nilipiga funda la muuza pombe, kikombe kikabaki kitupu.

"Tamu!" nikasema, uso umejikunja.

"Na hiki kingine. Ulisema kila kikombe kinaonjwa, Bibi."

Kweli nilisema. Nacho nikakitendea haki, na kilichofuata. Rogathe, aliyekuwa ametoka kutafuta maji ya moto, akarudi akakuta jagi limeshuka na midomo ya mwanawe mikavu.

"Mama! Umekunywa dawa ya mtoto?"

"Nimeionja."

"Nusu jagi?"

Akaitwa nesi, Fadhila jina lake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Dawa hii imepimwa kwa uzito wa mtoto. Wewe nani kakuandikia?"

Nikataka kumjibu, tumbo likajibu kabla yangu. Mbio nilizopiga kwenye korido ile, chui angeomba tupumzike. Mimi nilifika chooni, kanga ikafika baadaye.

Nilipotoka nimeshika ukuta, Irine alikuwa anacheka mpaka machozi. Nesi alishachanganya jagi jipya.

"Bibi hajafa," Irine akasema. "Basi nipeni. Nitamshinda."

Akanywa kidogo kidogo, kikombe baada ya kikombe, hadi jagi likaisha. Tukapokezana choo mpaka jua linazama, yeye akinitangazia magoli kama mpira wa redioni. Mwisho nesi akachungulia kinachomtoka: majimaji ya manjano, hayana hata chembe.

"Safi kabisa," akasema.

Yangu hakuna aliyekuja kuyatazama, ingawa niliwaita.

Asubuhi daktari akakuta kinyama kama punje ya kunde kwenye utumbo, akakikata hapohapo. Akasema kitapelekwa maabara, lakini ndicho kilichokuwa kinatoa damu. Irine alipoamka, mama yake akamletea uji. Mtoto akausogeza kwangu.

"Bibi, onja."

Nikautazama ule uji. Nikatazama choo kilivyo mbali.

"Mpe mama yako," nikasema. "Mimi nimestaafu."