Thoa Anajifunza Kulalamika

Thoa alishindwa mtihani wa Kicheki kwa sababu ya adabu. Sitanii. Kusoma alisoma, kusikiliza alisikia, na barua ya kumwalika rafiki kwenye sherehe ya kuzaliwa aliiandika bila kutoa jasho. Mambo yaliharibika ilipofika zamu ya kuzungumza. Mtahini, mama mmoja mpole mwenye miwani, alimuuliza kama anaishi peke yake. Thoa akasema ndiyo. Akamuuliza kama anaishi na familia. Ndiyo. Anapenda majira ya baridi? Ndiyo. Au anayachukia? Ndiyo, akajibu tena, huku akitabasamu na kuinamisha kichwa kidogo kama alivyolelewa.

Wala si kwamba hakuelewa. Alielewa kila neno. Lakini kule Nam Định, Vietinamu, alikozaliwa, mwalimu akisema jambo, mtoto aliyefunzwa na wazazi wake hulipokea kwanza kwa kukubali, na mengine yatajulikana mbele ya safari. Kumkatalia mwalimu usoni ni kumtukana yeye na waliokuzaa. Thoa alikuwa mtu mzima, mjane, mwenye duka lake katikati ya mji wa Rumburk, huko Ucheki. Hata hivyo, alipoketi mbele ya yule mama mwenye miwani akarudi kuwa mtoto wa shule, mikono juu ya mapaja.

Kushindwa huko kulimuuma sana, na alikuwa na haki ya kuumia. Kibali chake cha kuishi nchini kilifungamana na lile duka. Duka likifa, kibali nacho kinakwenda na maji, na yeye atajikuta uwanja wa ndege na sanduku lake. Ndiyo maana tangu mumewe afariki hakuwahi kulifunga, si Krismasi, si Jumapili, si siku ya homa. Binti yake Linh, aliyezaliwa hapo hapo Rumburk, alikuwa amekua akiuona zaidi mgongo wa mama yake kuliko uso. Na sasa ng'ambo ya barabara walikuwa wanajenga supamaketi, kubwa, yenye maegesho. Njia ilibaki moja tu, apate ukaazi wa kudumu, ambao haumuulizi mtu kama ana duka au hana. Na ukaazi wa kudumu hautoki bila ule mtihani.

Aliyempa ukweli wake ni Bibi Zdena. Huyu ni mwanamke wa Kicheki aliyestaafu kazi ya reli, akamlea Linh tangu utotoni wakati wazazi wako dukani, na mpaka leo Linh humwita bibi na kumkimbilia yeye kwanza akiwa na shida. Kila asubuhi alikuja kuchukua mikate yake midogo mirefu, akaibonyeza mmoja mmoja na kunung'unika kwamba siku hizi mikate ni hewa tupu. Alipopata habari za mtihani, aliweka kikapu chini.

"Kicheki unakijua, mwanangu," akasema. "Usichokijua ni kulalamika. Mtu anakuuliza hali, wewe unasema nzuri, basi mazungumzo yamekufa. Sisi hapa tukiulizwa hali tunaanza na magoti, tunapanda mpaka serikalini."

Thoa akasema ndiyo. Bibi Zdena akafumba macho kwa uchungu.

Tangu siku hiyo alilivalia njuga jambo hilo. Alipita kwa wateja wote, mmoja baada ya mwingine, akala nao njama. Kila mtu aingie dukani na ombi la kipuuzi, na asiache kuomba mpaka mwenye duka akatae. Wacheki wale, ambao huwezi kuwakusanya hata kwa mkutano wa nyumba wanayoishi, waliitikia wito huo kwa furaha ya ajabu. Mmoja alitaka kurudisha tango alilokwisha kuliuma. Mwingine aliomba redio izimwe kwa kuwa inampigia kelele mke wake, aliyeko nyumbani. Thoa alilipokea tango, akaizima redio, akawatakia siku njema.

Aliyeingia kazini kikamilifu ni Bwana Vlasák, fundi wa kufuli. Alikuja na mbwa wake, akaomba mbwa akae juu ya kaunta, karibu na mikate, kwa kuwa sakafu ni baridi. Thoa akapangusa nafasi. Mbwa akakaa. Kesho yake Bwana Vlasák akaomba kreti yake ya bia apelekewe nyumbani, theluji inaanguka na mgongo wake si mzima. Thoa alikuwa ameshavaa koti alipoingia Bibi Zdena, akamvua hilo koti kwa mikono yake mwenyewe, akamwambia Vlasák atoke kabla hajapigwa kikapu. Thoa alipanda ghorofani siku ile akiwa amekata tamaa. Alimwambia Linh kwamba huenda yeye si mtu wa kupewa nchi hii, maana kinywa chake kilitengenezwa kwa nchi nyingine.

Sijui kama lililofuata lilikuwa kwenye njama au Vlasák alilibuni papo hapo. Aliingia, akamweka mbwa juu ya kaunta kama ilivyokuwa desturi sasa, akafungua bia yake, akasema amekuwa akiwaza. Karakana yake ni chafu na anahitaji mtu wa kufagia. Linh mkubwa sasa, shule ya nini? Aache tu, aje Jumatatu.

Thoa alikuwa anapanga pakiti za sukari, akaiweka aliyoishika.

"Hapana," akasema.

Bwana Vlasák akauliza hapana nini.

"Linh haachi shule. Na huyo mbwa mshushe, ananuka, watu wanakula hiyo mikate. Na viatu vyako. Tangu baridi ianze unaniletea matope, nafuta, unaleta tena. Sijasema. Leo nasema."

Yalimtoka kwa Kicheki kilichonyooka, bila tabasamu hata la dawa. Bwana Vlasák alimshusha mbwa, akavua kofia, akampa mkono kwa heshima ambayo hajampa hata meya. Kisha akaomba radhi kwa habari ya mtoto, akasema hilo alijilazimisha kulisema, halikutoka moyoni. Bibi Zdena, aliyekuwa nyuma ya rafu ya sabuni muda wote huo, alilia waziwazi, akasingizia upepo wa mlangoni.

Baada ya hapo hakuna aliyemshika. Thoa alilalamikia treni, bei ya siagi, jirani anayechoma takataka, madaktari wasiopokea wagonjwa wapya. Alianza kwa kujilazimisha, kisha akagundua raha iliyomo. Ukimlalamikia Mcheki, haoni umemkosea. Anakusogelea, anaegemea kaunta, anakupa na la kwake. Watu walionunua sigara kwake miaka nenda rudi bila kumwambia zaidi ya kwaheri sasa walijua jina la kijiji chake na mahali kiuno kinapomuuma.

Mtihani wa pili ulikuwa mjini Děčín kama ule wa kwanza, katika chumba kilekile, mbele ya mama yuleyule mwenye miwani. Thoa alipomwona, mikono ilijiendea yenyewe mapajani. Yule mama akafungua karatasi zake, akamuuliza kama anapenda kuishi Rumburk. Ndiyo ilikuwa imeshafika kwenye ulimi. Thoa akaimeza. Akanyanyua kichwa, akamtazama mtahini machoni, kitu ambacho moyo wake ulikihesabu kuwa utovu wa adabu mkubwa.

"Inategemea," akasema. "Baridi ndefu mno. Treni ya leo imechelewa, nimesimama nje, hakuna aliyetangaza chochote. Njia ya kwetu imejaa mashimo, meya anaahidi kila uchaguzi. Lakini mume wangu amezikwa pale, na mwanangu amezaliwa pale. Siondoki."

Mtahini aliweka kalamu mezani. Halafu, kwa kuwa sehemu iliyofuata ya mtihani ilikuwa kuigiza kupanga miadi, akapendekeza waonane Jumamosi asubuhi. Thoa akakataa, Jumamosi asubuhi ana wateja wengi. Jumapili je? Hapana, na kwa nini kila mtu anafikiri mwenye duka hachoki? Yule mama akasema kweli kabisa, hata yeye wamempangia mitihani siku za mapumziko bila kumuuliza, tena kwa treni hiyo hiyo. Wakaisema treni wote wawili mpaka mtahini wa pili, aliyekuwa pembeni, akakohoa kuwakumbusha muda.

Alifaulu, na kwa alama za kujivunia. Cheti kilipelekwa pamoja na makaratasi mengine, wakangoja kama wanavyongoja wote, na kadi ya ukaazi wa kudumu ikatoka wakati miti ya cheri inachanua. Thoa aliishika kwa mikono miwili. Alilia kwa furaha mbele ya karani, wala hakuona haya.

Jumapili iliyofuata Bwana Vlasák alikuta mlango wa duka umefungwa. Akagonga, akagonga tena, akapaza sauti kuelekea ghorofani kuuliza kama kuna aliyekufa. Dirisha likafunguka, Thoa akatokeza na nguo ya kulalia.

"Hakuna aliyekufa, Bwana Vlasák. Tumefunga."

"Bia moja tu, mama."

"Hata moja. Nakunywa chai na mwanangu."

Bwana Vlasák akawatangazia wapita njia kwamba nchi hii imekwisha, ikiwa hata Wavietinamu wanapumzika Jumapili, akaondoka akiwa na jambo la kulalamikia wiki nzima. Thoa akarudi mezani. Linh, bado na usingizi machoni, akamuuliza watafanya nini leo. Thoa alifikiri sana, maana swali hilo hakuwa ameulizwa kwa miaka, akasema hajui, ila kwanza wamalize chai.