Panga Lililobaki Juu

Upepo ukishuka kutoka mlima Meru, nyumba za wenzetu hapa Kimandolu hulia mabati. Yetu ililia panga. Ko. Kimya. Ko, ko. Panga la mdogo wangu lilikuwa linaning'inia juu ya mti wa mgrevilea nyuma ya nyumba, limefungwa kwa kamba ya manila, na kila upepo ulipolisukuma liligonga shina. Mwenyewe tulikuwa tumeshamzika.

Ngoja nieleze vizuri, maana kuna watu husikia nusu halafu wakaenda kusimulia nzima.

Mdogo wangu alipanda mti ule Jumamosi moja kupunguza matawi yaliyoelekea kwenye paa. Alikuwa na utaratibu wake. Hakupanda na panga mkononi wala kiunoni. Alipanda na kamba, akaifunga kwenye kitawi cha juu yake, kisha akavuta panga likiwa limefungwa mpini, ili likimponyoka lisimwangukie mtu aliye chini. Mama ndiye aliyemlazimisha. "Usije ukaniulia mtoto wa mtu," alimwambia. Basi siku ile panga halikumwangukia mtu yeyote. Aliyeanguka ni yeye.

Na tulikuwa na sheria nyingine pale nyumbani, ya zamani zaidi: mtu akiwa juu ya mti haitwi. Hata mgeni awe amefika, hata simu iite mpaka ichoke. Unakaa chini, unasubiri ashuke. Marehemu baba alikuja nayo kutoka kihamba, yaani shamba la ukoo wao huko Kilimanjaro, ambako walipanda miti tangu utoto kukatia ng'ombe majani. Alisema anayeitwa hugeuka, na anayegeuka husahau miguu yake iko wapi. Watu husema aliye juu mngoje chini. Kwa wengine ni methali, kwetu ilikuwa amri. Mimi mwenyewe nilishachapwa na mama kwa kumwita baba akiwa juu ya mparachichi, na fimbo ile naikumbuka hadi leo.

Mama yule yule. Chai ilikuwa imeiva, magimbi yapo mezani. Akatoka nje na kitambaa cha kushikia sufuria, na mdomo ukafunguka wenyewe.

"Baba, njoo unywe chai!"

Baba ndivyo alivyomwita, kama akina mama wengi wanavyowaita watoto wao wa kiume. Mdogo wangu akageuka. Nilikuwa jikoni, nikamsikia akiitika, "Naam, mama." Kilichofuata nilikisikia pia, na hicho sikielezi.

Tangu siku hiyo mama hakumwita mtu tena. Kuzungumza alizungumza, kanisani aliimba sauti ya pili kama kawaida. Ila kupaza sauti kumwita mtu aliye mbali, hapana. Akinitaka, aligonga kijiko kwenye sufuria. Kuku aliwapigia makofi. Majirani walifikiri ni uzee. Halafu akahama chumba chake cha mbele, akahamia cha nyuma, chumba cha mdogo wangu, chini kabisa ya ule mti. Nilidhani anataka kunusa nguo za mwanawe, nikamwacha. Jamani, sikujua. Asubuhi moja, baada ya upepo kuvuma usiku kucha, nilimkuta anamenya magimbi, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Jana amefanya kazi sana. Hajapumzika."

Nikaenda kuchota maji ambayo hatukuyahitaji.

Nililichukia panga lile, nasema wazi. Mtu anauliza, sasa kwa nini hamkulitoa? Litolewe na nani? Mama aliapa hakuna mtoto wa mtu atakayepanda tena mti ule, na mimi niliapa hivyo hivyo. Wale vijana wanaopita mitaani na mapanga kutafuta vibarua vya kukata matawi, wengine wakitokea huko Sombetini, walifika, wakatazama juu, wakaona panga linavyozunguka polepole kwenye kamba. Mmoja akaniambia, "Mama, huu mti una mtu." Akachukua vitu vyake akaondoka.

Na kazi yangu, uwajue binadamu walivyo, ni miti. Nasimamia bustani ya hoteli moja huko chini ya mlima, upande wa Usa River. Miti mikubwa tunaipogoa, na tangu nilipochukua bustani ile hakuna anayepanda. Tunakata tukiwa chini, kwa msumeno uliopinda wenye mpini mrefu wa mabomba ya aluminiamu, unaunganisha bomba moja na jingine mpaka ufikie tawi. Wanaume walinicheka mwanzoni. Nikawaambia anayetaka kuwa nyani aende porini, hapa tunafanya kazi. Nimepogoa miti ya watu wote, ila wa kwetu nilipita chini yake nikitazama viatu vyangu.

Mpaka mwaka wa nne tangu msiba, masika yakikaribia, nilipoinua macho. Mdogo wangu alikuwa amelikata tawi kubwa karibu nusu kabla ya kuitwa. Mti ulijaribu kujiponya, gome likavimba pembeni ya jeraha, lakini tawi nalo liliendelea kunenepa. Sasa lilikuwa limelegea. Pale alipokatia palikuwa na ufa, mweupe, mbichi. Chini ya tawi kuna bati, chini ya bati kuna kitanda cha mama.

"Mama, rudi chumba cha mbele."

"Nikirudi, nani atakuwa anamsikiliza?"

"Lile tawi litakuangukia!"

"Litaniangukia mimi. Si wewe."

Weee! Nilipandwa na hasira. Nikasema nabeba kitanda sasa hivi, akakikalia. Nikasema naukata mti wote, akanitazama na macho ambayo sijawahi kuyaona usoni pake, akasema, "Ukate na yeye yuko juu?" Nikatoka nje nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nilikuwa nimeshampoteza mmoja chini ya mti ule, na wa pili alikuwa anajipanga mwenyewe, kwa hiari yake.

Nikavuka kwenda kwa jirani. Ni mzee wa Kipare, dereva mstaafu, na sisi ni Wachaga, kwa hiyo ni watani wetu. Siku ile ya ajali ndiye aliyefika wa kwanza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mbona umenuna, Mchaga, duka limeungua?"

Nikamweleza yote. Hakutania tena. Alivaa kofia yake, akaja, akavuta kigoda akakaa mbele ya mama.

"Mama, ninyi Wachaga ni watu gani? Sisi Wapare mnatusema bahili, sawa. Lakini mtu wetu akifa tunampumzisha. Ninyi hata maiti mnamfanyisha kibarua!"

Nilishika moyo. Mtu mwingine angemwagiwa chai ya moto. Lakini mtani hapigwi, na mtani hakasirikiwi. Mama alicheka, kicheko kifupi kilichomtoka bila ruhusa, halafu kikageuka kilio. Alilia kama ambavyo hakulia hata makaburini. Mzee akamsubiri anyamaze, kisha akasema taratibu:

"Ulimwita, kisha ukanyamaza hadi leo. Mtu aliyeitwa nusu afanyeje? Mwite tena, umwite vizuri, amalize kushuka."

Mama alichukua kikombe ambacho kilikuwa kisafi, akakifuta. Akanigeukia.

"Hakuna atakayepanda?"

"Hakuna, mama. Miguu yangu haitoki kwenye udongo. Naapa."

Nikaazima msumeno kazini. Niliupakia kwenye bodaboda, mabomba yametokeza mbele na nyuma, na kule barabara ya Moshi watu wakapiga kelele, "Mama, unaenda kuvua samaki gani?" Nikawaambia, papa.

Nilingoja asubuhi isiyo na upepo. Nikahakikisha hakuna waya wa umeme karibu. Nikafungia kuku, nikaondoa ndoo na kila kitu cha kujikwaa, nikajichagulia njia mbili za kukimbilia. Mama nilimweka barazani mbele ya nyumba. Mzee nilimpa kofia ngumu, akaikataa, nikamwambia basi rudi kwako, akaivaa. Kazi yake kuu ilikuwa moja: mimi natazama meno ya msumeno, yeye anatazama tawi, na likitikisika vibaya anasema neno moja tu, "Toka." Nilimwambia asiniite, aseme toka tu, na akanielewa.

Nilianza kwenye ncha. Tawi zito juu ya nyumba hulikati shinani kwa mara moja, litakuja na nyumba. Unalipunguza uzito kidogo kidogo, vipande vidogo kwanza, vikianguka kwenye bati vinalia tu na kuteleza. Unasimama pembeni, kamwe si chini yake. Kila kipande nilikianza kwa mkato mdogo upande wa chini, kisha nikaja wa juu, ili gome lisichanike likateremka na shina. Lilipobaki pande la mwisho, lenye ufa, nilirusha kamba yenye mfuko wa mchanga mpaka ikavuka juu yake, nikaikaza kwa kitanzi, mzee akaishika akiwa mbali kule kwenye migomba, aivute huko.

Nilipeleka msumeno palepale alipokuwa amekata yeye. Alama za panga lake zilikuwa bado zinaonekana, zimekuwa nyeusi. Nikawa namalizia mkato wa mdogo wangu. Machozi yalinijia nikayameza, maana mwenye machozi haoni tawi. Ufa ukalia.

"Toka!"

Nikatoka. Pande likazunguka kuelekea migomba, likakwangua ukingo wa bati, likatua. Nyumba ilikuwa salama. Kitanda cha mama kilikuwa salama. Nikakaa chini.

Sasa likabaki panga peke yake, kwenye kitawi chake cha juu, kamba ikiwa imemezwa na gome. Nilinyanyuka, nikaongeza bomba la mwisho. Hapo ndipo nilipomwona mama anakuja kutoka barazani, na mkononi ameshika jani la isale, amelikunja fundo. Wachaga wanajua. Ukimkosea mtu kosa lisilo na maneno, unampelekea isale, na aliyeletewa isale hawezi kukataa kusamehe. Mama ni mtu wa kanisa la Kilutheri tangu utoto, sikujua hata alilichuma wapi.

Alisimama pale nilipomwonyesha, mbali na mti. Akainua jani juu kwa mikono miwili. Akafungua mdomo, sauti haikutoka. Akajaribu tena.

"Baba!"

Sauti ilikuwa inakwaruza kama bawaba ya mlango usiofunguliwa. Mzee akavua ile kofia ngumu, na sikumgombeza.

"Baba, nimekuja na isale. Nisamehe kwa kukuita vile. Kazi imekwisha, dada yako ameimaliza. Shuka sasa. Shuka taratibu, baba, tazama miguu yako. Chai ipo."

Asubuhi ile haikuwa na upepo. Hata majani ya migomba yalikuwa yametulia. Panga likagonga shina mara moja. Ko.

Siwezi kuapa. Msumeno wangu ulikuwa umeegemea kitawi, huenda nilikitikisa. Nimejiambia hivyo mara nyingi. Mzee yeye hataki kabisa tulizungumzie.

Nikakata. Kitawi kilikuwa chembamba, hakikuchukua muda. Panga lilishuka pamoja na kamba yake, likaangukia kwenye rundo la majani tuliyoyakata, karibu bila sauti. Mama akaenda akaliokota. Lilikuwa limeshika kutu lote isipokuwa ncha, pale lilipokuwa linagonga mti, palipong'aa. Akalifunga kwenye khanga, akaliingiza ndani. Baadaye tukasikia sauti yake kutoka jikoni, kubwa, ya zamani, ile ya kuita watu kutoka mwisho wa shamba:

"Haya, njooni mnywe chai!"

Mzee alinitazama. Miguu yangu yote miwili ilikuwa ardhini na bado nilishika ukuta kabla ya kugeuka.

Mezani palikuwa na vikombe vinne. Tulikunywa vyetu, cha nne kikatulia palepale, kinafuka moshi mpaka kikapoa. Jioni upepo wa mlima ukashuka, mabati ya jirani yakaanza kulia. Sote tukasikiliza upande wa nyuma. Hakuna kilichogonga.

"Ameshuka," mama akasema.

Akachukua kile kikombe cha nne, akatoka akakimimina kwenye shina la mgrevilea. "Mchungaji akiuliza," akasema, "mwambie nilikuwa namwagilia mti." Mzee akacheka. Usiku ule mama alilala mpaka kumekucha, kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Mimi ndiye nisiyelala siku hizi. Miaka yote ile nililaani panga, na kumbe kila lilipogonga, sehemu fulani ya moyo wangu ilikuwa inajua mdogo wangu yuko wapi. Upepo ukivuma sasa naamka, nasikiliza, na ni mabati ya watu tu. Najua nisichotakiwa kufanya. Hata hivyo nimejikuta zaidi ya mara moja nimesimama kwenye dirisha la nyuma, mdomo wazi, nataka kumwita.