Nozeli Niliyoilainisha

Harufu ya dizeli hunirudisha Bigwa, kwenye kibanda cha mjomba Kasiani, kaka yake mama, aliyekuwa fundi wa nozeli za malori. Nozeli ni kile kipande cha chuma kinachorusha mafuta ndani ya injini. Likizo ile nilikuwa na miaka kumi na moja, nami nilimganda mjomba mpaka akachoka, akaniruhusu nizisafishe. Yeye alizipima kwa pampu ya mkono: akikandamiza, nozeli inakoroma, mafuta yanatoka kama ukungu na kutua kwenye gazeti alilolitega mbele. Kwa kuusikiliza mkoromo na kuyatazama madoa tu, aliujua ugonjwa. Nilimwona fundi mkubwa kuliko wote Morogoro, na mpaka leo sijabadili mawazo.

Siku moja dereva Shabani alileta nozeli za lori lake. Jioni hiyo alitakiwa kupanda milima ya Mgeta kuchukua mzigo. Kabichi za watu zilikwisha kuvunwa na kupangwa kando ya barabara. Mjomba alipotoka kidogo, nikachukua waya mwembamba na uji wa msasa wa kung'arishia chuma, nikasugua vitundu vya nozeli moja mpaka vidole vikauma. Nilipoipima, mafuta yalitoka kwa mistari iliyonyooka, yanang'aa. Nikajiona nimeiva. Mjomba aliporudi nikamwita aje aone.

Alipampu mara moja, akapampu tena, akakaa chini.

"Mwanangu, hii imekufa," alisema.

Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniliza. Alinieleza kwamba kitundu kinatakiwa kiwe na kingo kali. Mafuta yakijikwaa pale yanavurugika humo humo ndani, yanapigana yenyewe kwa yenyewe, na yakitoka tu yanachanika kuwa matone madogo yanayowaka mara moja. Mimi nilikuwa nimezilainisha kingo. Mafuta yalitoka yametulia, na yaliyotulia hayachaniki mapema. Matone yanabaki makubwa, yanaungua nusu, lori linatema moshi mweusi na kuishiwa nguvu mlimani.

Nozeli ya akiba hakuwa nayo. Nyuma ya kibanda palikuwa na injini ya lori aliyoiunga kwa miaka, kipande kwa kipande, na alikusudia kuiwasha Jumapili hiyo. Akaifungua, akachomoa nozeli moja, akamkabidhi Shabani.

"Ile yako nimeiharibu mimi," alimwambia. "Chukua hii."

Lori likapanda Mgeta bila moshi. Injini ya mjomba haikuwaka mpaka mwaka uliofuata.

Siku hizi nafanya kazi kwenye maabara yenye kamera inayonasa mafuta yakichanika, tone kwa tone. Wanafunzi wangu huishangaa, nami huwaambia kwamba niliwahi kumjua mtu aliyeuona msukosuko huo kwa sikio na kipande cha gazeti. Kamera imenionyesha mengi, ila haijawahi kumkanusha.

Mwaka jana, miaka mingi baada ya kumzika mjomba, nilimkuta Shabani pale Kilakala, mzee wa mkongojo. Nilimpa shikamoo, nikaungama.

"Marahaba. Nilijua siku ileile," alisema. "Yeye alisema kosa ni lake, lakini aliyekuwa analia ni wewe."

"Mbona hukusema, mzee?"

"Ningesema ili iweje? Mjomba wako alikuwa ameshapata fundi wa kumrithi."