Pambio la Kumkalisha Mtu

Katika makanisa yetu kuna pambio la kumkalisha mtu. Anayeshuhudia akirefusha maneno, au akianza kusema yasiyotakiwa, mwalimu wa kwaya huinua mkono, ngoma ikalia, kwaya ikapaza sauti, na yule aliyesimama hubaki anachezesha midomo bila kusikika mpaka aketi. Hakuna anayemtukana. Anaimbiwa tu. Nilikuwa mwalimu wa kwaya kwa miaka mingi katika kanisa moja pembezoni mwa mji wa Mtwara, upande wa Mtawanya, na silaha hiyo niliijua vizuri kuliko fimbo. Fimbo nayo niliitumia.

Nota nilifundishwa sekondari na mwalimu aliyetupiga rula ya chuma kwenye vifundo vya vidole kila tulipopoteza sauti. Nilidhani ndivyo muziki unavyoingia mwilini. Nilipopata kazi ya ukarani bandarini na kukabidhiwa kwaya, nilichonga fimbo ya mkorosho ya kuhesabia mapigo, na haikuhesabu mapigo tu. Niliwachapa watu wazima: manesi, walimu, wake wa maofisa. Mama mmoja wa sauti ya kwanza nilimpiga mkononi mpaka pete ikapinda na kidole kikavimba, ikabidi mumewe aikate kwa msumeno. Jumamosi iliyofuata alirudi mazoezini, akanisalimia kama kawaida. Nikajiambia ananiheshimu.

Mtu mmoja tu sikumgusa, naye ni mpiga ngoma. Alikuwa kuli palepale bandarini nilipokuwa karani, Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma. Alivuka mto pale Kilambo kwa mtumbwi akiwa amebeba ngoma ya marehemu baba yake, na nadhani hakuwa na mzigo mwingine. Mkewe aliimba sauti ya pili. Kazi yake ilikuwa kubangua korosho, na vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa mafuta ya maganda.

Hewa ya pwani yetu ni nzito, na ngozi ya ngoma hulegea. Kila Jumapili, mahubiri yakianza, yule bwana alitoka polepole, akaenda nyuma ya kanisa, akawasha moto wa vifuu na kuipasha ngozi mpaka ikaze. Katikati ya ngozi alikuwa amebandika donge la nta iliyochanganywa na utomvu, ili mlio uwe mzito. Akirudi ndani na kuigonga mara moja kwa kiganja kuijaribu, watu walikaa sawasawa kwenye mabenchi. Mimi nikinyanyua fimbo yangu, waliendelea kupepea vitabu. Niliwaambia wazee wa kanisa kwamba kutoka wakati wa Neno ni dharau. Ukweli ni kwamba nilimwonea wivu.

Siku ya Sikukuu ya Mavuno tulikuwa na wageni kutoka sharika nyingine. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na vifuu vilikuwa vimelowa, kwa hiyo alichelewa nje. Mahubiri yakaisha. Ningeweza kumsubiri. Niliinua fimbo bila yeye, nikijua wimbo ule hauendi bila ngoma, ili aone kwamba unaenda. Haukwenda. Sauti ya nne ilikimbia, ya pili ikabaki nyuma, na kwenye ubeti wa pili kila mtu alikuwa njia yake. Mgeni mmoja alicheka. Tuliketi bila kumaliza.

Ibada ilipoisha nilizunguka nyuma ya kanisa. Alikuwa amechuchumaa pembeni ya moto, akiigeuza ngoma. Juu yetu, kwenye tawi la mkorosho, ilining'inia rimu ya lori tuliyoifanya kengele, na kipande chake cha nondo kikiwa kimeegemezwa shinani.

"Umeniaibisha," nikamwambia.

"Nnapasha moto, Mwalimu. Ilikuwa imelala kama chapati."

"Simama nikisema na wewe."

Hakusimama. "Bandarini mimi kuli wako," akasema. "Hapa si bandarini. Hapa hata wewe ni mzigo wa mtu."

Watu wawili watatu waliokuwa wakipita walicheka, wakaenda zao. Nikaipiga ngoma teke, ikaangukia ndani ya moto.

Alitia mikono yote miwili kuitoa. Ile nta ilikuwa imeyeyuka na kuwaka, ikamshika viganjani kama uji wa moto. Bado aliishikilia. Wale waliocheka walikuwa wameshapinda kona, na hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo hakuna aliyeliona isipokuwa yeye na mkewe aliyekuwa anakuja na ndoo. Nilikanyaga ngoma isitoke. Nilikuwa nimevaa viatu vya Jumapili vya soli nene, nikaikandamiza, naye anavuta, na ngozi ya viganja vyake inabaki juu ya mti wa ngoma. Sikukanyaga kwa kupitiwa. Nilimtazama usoni nikaendelea kukanyaga. Hakupiga kelele, alitoa mlio mdogo puani tu kama mtu anayeinua gunia. Ngoma ikapasuka. Mkewe akanimwagia maji ya ndoo nzima usoni, kisha akakumbuka mikono ya mumewe, na maji yalikuwa yamekwisha.

Mbele ya wazee wa kanisa nilisema ngoma iliteleza tulipokuwa tunagombana, na kwamba mwenzangu alitia mikono motoni kwa hasira. Mimi nilikuwa karani, nilijua kupanga maneno. Yeye alisimama na matambara mikononi, akaulizwa, akasema, "Mwalimu anajua." Basi. Wakaandika kwamba ni ajali.

Jumapili iliyofuata, wakati wa ushuhuda, mkewe alisimama. "Bwana asifiwe," akaanza. "Mume wangu hakujichoma. Mwalimu huyu ali—" Nikainua mkono. Kwaya yangu, niliyoifunza kwa fimbo itii bila kuuliza, ililipua pambio. Tukaimba mpaka akaketi. Tulipotulia akasimama tena. "Mwalimu huyu," akasema, na nikainua mkono. Mara ya tatu hakuketi. Aliendelea kusema ndani ya wimbo wetu, mishipa ya shingo imemtoka, na mimi niliwaonyesha waongeze sauti. Walioimba walimtazama machoni. Wengine walikuwa rafiki zake, walikaa naye benchi moja kila Jumamosi.

Akatoka nje. Nilidhani ameshindwa. Alirudi na ile nondo ya kengele, akapita katikati ya kanisa wakati tunaimba, akanipiga nayo mdomoni. Meno mawili ya mbele yalidondoka juu ya kitabu cha nyimbo. Nilipiga magoti, akanipiga la pili begani. Ndipo wanaume wa sauti ya tatu na ya nne walipomshika. Walimpiga. Sitasema walimzuia, kwa maana walimpiga, ngumi na mateke, kati ya madhabahu na benchi la mbele, mpaka kitenge kikamtoka na mchungaji akamlalia juu kumkinga. Mimi mdomo ulikuwa umejaa damu, lakini mkono ulikuwa mzima. Ningeweza kuuinua wakaacha. Walikuwa wamezoea kuacha nikiinua mkono.

Mume na mke wakatengwa na kanisa. Bandari haina kazi ya mtu asiyeweza kukunjua vidole. Walihamia Mpapura, wakalima mihogo. Mimi niliendelea na kwaya, ingawa kwa pengo lile kila neno la Zaburi lilinitoka na mluzi, na wanakwaya waliinama kuficha vicheko. Siku zile niliamini hiyo ndiyo adhabu yangu, na kwamba imetosha.

Mwaka jana, baada ya kumzika mke wangu, nilipanda pikipiki kwenda Mpapura. Nilimkuta yule bwana barazani, mzee kama mimi, vidole vimejikunja kama kucha za ndege. Mkewe alikuwa anamenya mihogo. Hakuna aliyenikaribisha kiti. Nikasema nilichokuja kusema, kwamba nilikanyaga, kwamba nilidanganya, kwamba naomba msamaha.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho. "Mimi nilikuwepo," akasema. "Hayo nayajua. Unanihadithia mguu wako?"

"Nataka kutubu, kaka."

"Hukunidanganya mimi," akasema. "Uliwadanganya wale. Na huyu mama ulimfunga mdomo mbele ya watu. Kaseme pale."

Mkewe hakuinua uso kutoka kwenye mihogo. "Nitakuja kusikiliza," akasema. "Ukikatisha, njia ya kutokea naijua."

Jumapili niliyowaahidi, yule mama alikuja peke yake, akaketi benchi la nyuma karibu na mlango. Kanisa limebadilika, kuna kinanda na spika kubwa kama makabati, na wengi walioniona siku ile wamekwisha kufa. Wakati wa ushuhuda nilisimama. Vijana walinipigia makofi, maana walikuwa wamesikia kwamba niliifundisha kwaya miaka mingi.

Nilianza na nota za sekondari. Nikasema habari ya fimbo, na ya pete. Waumini wakaanza kugeukiana. Nilipofika kwenye ngoma, mchungaji kijana alitazama saa. Nikasema, "Nilimchoma mtu mikono kwa makusudi, na nyinyi mkaambiwa ni ajali." Mzee wa kanisa akamwinamia mwalimu wa kwaya wa sasa, akamnong'oneza. Nilimwona yule kijana anainua mkono. Ulikuwa mkono wangu kabisa, vidole vimekusanywa, kifundo kimelegea kidogo.

Spika zikanguruma na pambio likanijia kama maji ya ndoo. Nilipaza sauti, sikujisikia. Watu wote walikuwa wananiimbia huku wakitabasamu kwa upole, na baadhi walininyooshea viganja kunionyesha niketi. Nakiri kwamba nilitaka kuketi. Ingekuwa rahisi, ningesema nilijaribu. Nilitazama nyuma, benchi la yule mama lilikuwa tupu.

Kisha rimu ikalia nje. Bado ipo pale kwenye mkorosho, ingawa nasikia siku hizi hupigwa mara chache. Haikulia kama kengele ya ibada. Alikuwa anaitandika, nondo juu ya chuma, bila mapigo yoyote ya muziki, mpaka madirisha yakatetemeka. Kinanda kikapotea kwanza. Sauti ya nne ikakimbia, kisha sauti zote zikatawanyika, na kijana wa kwaya akabaki na mkono hewani hajui aushushe wapi. Chuma kikaendelea kugongwa muda mrefu baada ya wimbo kufa.

Kilipokoma, alisimama mlangoni, nondo mkononi, kifua kinapanda na kushuka. Wanaume wawili walinyanyuka kwenye mabenchi. Safari hii niliinua mkono, nao wakaketi.

"Haya, Mwalimu," akasema. "Ulifika kwenye mguu."